Chupa kavu na vijiko vya chumvi: maoni yangu kuhusu huduma ya elimu ya afya kijijini kwetu

Nina mashine ya kusaga na kukoboa, mwaka wa kumi na moja sasa, katika kijiji kimoja mkoani Dodoma. Jina la kijiji nimeliacha, la halmashauri pia, kwa sababu kuna mahali nitalalamika na sitaki mtu aitwe ofisini kujieleza kwa ajili ya mdomo wangu. Ninachokitolea maoni ni ule ushauri wa afya tunaoletewa na idara ya afya: bibi afya wa kata, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawili wa kitongoji chetu, Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inayokuja kila baada ya miezi mitatu, gari la matangazo, na mabango. Nimevitumia vyote kuanzia mavuno ya mwaka jana hadi ya mwaka huu. Ni huduma ya bure, ingawa kuna siku imenila hela, nitafika huko.

Nyota tatu na nusu. Ningekuwa nampima bibi afya peke yake angezoa zote tano, na gari la matangazo lingebaki na yake moja, ya kuonewa huruma.

Nianze na chumvi, maana ndiyo iliyonifanya nianze kuwasikiliza.

Bibi afya alikuja mashineni asubuhi ya Jumanne, foleni ya madebe imefika kwenye mwarobaini. Nikajua kaja kukagua vyeti. Vijana wangu wawili wanatakiwa kupima afya kila miezi sita, na cha mmoja kilikuwa kimepitiliza. Nikaanza kujitetea kabla sijaulizwa. Wala hakuuliza. Ni binti wa umri wa mwanangu wa tatu, akasalimia, "Shikamooni mama zangu," akasogeza kiroba cha mtu akakaa hapo hapo kwenye foleni. Akatoa mkobani chupa ya glasi yenye kifuniko, ile ya siagi ya karanga, imeoshwa ikakauka kabisa, na kikaratasi cha chumvi ya mezani aliyoianika juani. Akaomba mahindi kidogo kutoka debe la kwanza, akatia kwenye chupa kama theluthi yake, akaongeza vijiko vitatu vya chumvi, akafunga, akatikisa dakika nzima kwa kuangalia saa ya simu. Akaiweka chini. "Tunasubiri robo saa," akasema, na ile robo saa akaitumia kuuliza habari za watoto, nani amejifungua, nani kahama.

Chumvi ya chupa ya kwanza ilishuka yote chini. Mahindi makavu. Akakausha chupa kwa kitambaa, akaenda debe la pili. Hili lilipotulia, chumvi iling'ang'ania ukutani mwa glasi pande zote, kama unga kwenye paji la uso la kijana wangu wa mashine. Mwenye debe akaja juu: "Nimeyaanika wiki nzima!" Akaulizwa ameyaanika wapi. "Chini, uani."

Chumvi ikishika glasi, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15. Ya kuhifadhi yanatakiwa yasizidi asilimia 13 na nusu. Kuna vifaa vya kupima hilo kwa tarakimu na nimewahi kuviona kwa wanunuzi pale Kibaigwa, ila kifaa hicho sina na chumvi ninayo. Kinamama wote wa foleni ile waliondoka na kipimo ambacho wangeweza kurudia jikoni kwao jioni ile ile, na watatu walirudia, maana kesho yake walikuja kunisimulia. Miaka yote niliyohudhuria mikutano ya kijiji, hilo sikuwahi kuliona.

Kisha akaingia kwenye sumukuvu, ile sumu inayoachwa na ukungu kwenye nafaka na karanga. Sisi wa Dodoma hatuhitaji kuhadithiwa sana. Mwaka 2016, hapa kwetu na kwa jirani zetu wa Manyara, watoto walianza kutapika, matumbo yakajaa, macho yakawa ya njano, na kwa wiki kadhaa ukaitwa ugonjwa usiojulikana. Ulipochunguzwa, ikabainika ni mahindi ya nyumbani yaliyoota ukungu. Wagonjwa walikuwa 68, waliofariki 20. Akatutajia na wenzetu wa Kenya, upande wa Makueni na Kitui, mwaka 2004: wagonjwa 317, vifo 125. Foleni ilinyamaza. Nilizima mota ili wasikie vizuri, jambo ambalo wanaonijua watashangaa.

Nililolifahamu siku ile, ambalo sikulijua pamoja na kushika mahindi maisha yangu yote, ni kwamba sumu yenyewe haifi kwa moto. Nilikuwa na imani ya mama yangu kwamba ugali ukipikwa ukaiva, kila kilichokuwa ndani kimekufa. Ukungu unakufa, ndiyo. Sumu uliyoiacha inabaki kwenye ugali, na ng'ombe akila nafaka yenye sumu, nyingine hupita kwenye maziwa. Tena unaweza kuwa na sumu kwenye punje ambayo kwa macho haina doa. Kwa hiyo kazi yote ni kabla: uvune kwa wakati, uanike juu ya turubai au kichanja, usiweke mahindi kwenye udongo, uyapepete, uchambue yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi na yaliyotobolewa na wadudu, uhifadhi makavu. Na karanga, hapa alinigusa mimi mwenyewe, msizimwagie maji ili zimenyeke kirahisi. Hapa kwetu kila mtu anazimwagia. Ganda likilowa vidole haviumi. Nilimenya karanga zangu zilizobaki msimu ule kavu kavu, vidole vikachubuka, nikawa namlaani bibi afya kwa kila gunia.

Hizo zilikuwa sifa. Sasa tuje kwenye lawama.

Ya kwanza ni wakati. Jumanne ile ilikuwa mwezi wa nane. Mahindi yetu yanatoka shambani kuanzia mwezi wa tano, na kufika wa nane yako ndani, yameshafungwa viroba, mengine yameuzwa. Kumwambia mtu mwezi wa nane aanike kwenye turubai ni kumpa mwavuli akiwa amefika nyumbani. Nilimwuliza, akajibu kwa upole kwamba ratiba inategemea mafuta ya pikipiki, na mafuta yalitoka Julai. Nilimwelewa. Bado lawama iko pale pale, na ni ya aliyepanga hayo mafuta. Bwana shamba naye anakuja kwa ratiba yake mwenyewe, na yale yale ya unyevu na turubai anayajua vizuri kumzidi. Wangekuja pamoja mwezi wa nne, kwa pikipiki moja, tungeokoa magunia.

Ya pili ni ushauri unaogongana. Siku ya Afya na Lishe ya mwezi wa tisa, afisa lishe alisimama chini ya mbuyu wa ofisi ya kijiji akahimiza dona. Sembe imekobolewa virutubishi vyote, kuleni dona, watoto wapate nguvu. Vizuri. Wiki mbili kabla, bibi afya ametuambia sumukuvu inakaa zaidi kwenye ganda la punje na kiini, kwa hiyo kukoboa kunaipunguza. Sasa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanigeukia mimi mwenye mashine: "Mama, kwa hiyo nikoboe au nisikoboe?" Niulizwe mimi! Nilimpeleka kwa hao wawili, nao walikuwa wamesimama hatua tano tu kutoka kwetu, wakaangaliana. Nashukuru hawakubishana mbele ya watu. Jibu walilotoa baada ya kunong'ona lilikuwa zuri: kausha, chambua kwa mkono punje kwa punje, yaliyobaki safi saga dona, ukiwa na mashaka na mahindi yako, koboa. Lilitakiwa liwe la kwanza kusemwa. Wengi walikuwa wameshaondoka na nusu moja ya ushauri, kila mtu na ile aliyoipenda.

Na kwenye unga wa lishe nako nina neno. Kinamama wananiletea mchanganyiko: mahindi, mtama, uwele, ulezi, soya, karanga, kila kitu ndani, wakiamini vikiwa vingi ndiyo lishe. Mhudumu wetu wa kitongoji ndiye aliyewakalisha akawaeleza kwamba mahindi na karanga ndivyo vinavyoongoza kwa sumukuvu, na mtoto wa miezi minane anayekunywa uji huo mara tatu kwa siku anaimeza kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake. Mtama na uwele ndivyo chakula chetu cha asili hapa Ugogoni, na vinahimili ukame, kwa hiyo nilifurahi kumsikia akivitetea. Tangu hapo nachungulia kila ndoo ya unga wa lishe kabla haijaingia kinuni. Karanga zilizosinyaa nazitoa mwenyewe. Wapo wanaonuna.

Pumba ndiyo iliyoniweka pabaya. Wateja wengi wananiachia pumba, nami nazikusanya nauza kwa wafugaji wa kuku, na siwafichi, hiyo ndiyo ada ya shule ya mjukuu. Kama sumu iko kwenye ganda, basi ninachouza ni nini? Nilimwuliza bibi afya pembeni, wateja wasisikie. Hakunizungusha. Alisema pumba za mahindi yaliyooza zisiende kwa mnyama yeyote, na nitenganishe magunia. Sasa ninayo mawili, moja la mahindi niliyoyaona mazuri, la pili la mashaka. La mashaka nalifukia shimoni nyuma ya kinu. Mapato ya pumba yamepungua, karibu robo. Hela nilizokuwa nazisema mwanzoni, zimeanzia hapo.

Usalama wa mashine ni habari yangu na aibu yangu. Siku ile ile ya chumvi, akiondoka, bibi afya alisimama akaangalia mkanda unaotoka kwenye mota kwenda kinuni. "Mama, huu hauna kava." Nikamjibu kwamba miaka kumi haujawahi kumla mtu. Akaandika kwenye daftari lake, akasema atarudi, akaondoka. Wiki tatu baadaye, mwanamke mmoja alipita karibu kumimina mahindi yake, mtoto mgongoni, ncha ya kanga ikadakwa. Kijana wangu alikuwa karibu na swichi, akaipiga chini. Yule mama alianguka kwa magoti, mtoto hakupata hata mchubuko, kanga ikachanika katikati na nusu yake ikabaki inazunguka kwenye puli mpaka mota ikasimama. Nilimnunulia doti mpya siku ile ile. Jioni nilikuwa kwa fundi wa kuchomelea, na kesho yake mchana kulikuwa na kava la wavu wa chuma na ukingo wa mbao ambao mteja haruhusiwi kuuvuka. Bibi afya aliporudi kama alivyoahidi, aliliangalia kava, akaniangalia mimi, akaweka tiki kwenye daftari. Hakuuliza kilichotokea, na kijijini hapa lazima alishasimuliwa. Kwa hilo peke yake nampenda.

Kwa upande wa kuhara nawapa alama nyingi, hasa wahudumu wa kitongoji. Mvua za mwezi wa kwanza zilipochafua visima, walipita nyumba kwa nyumba na pakiti za ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini. Kwa kawaida mtu angetupiwa pakiti na maneno "changanya na lita moja". Huyu dada alimwomba kila mama amwonyeshe chombo atakachotumia. Unajua walileta nini? Chupa ya maji ya dukani, ile kubwa, ambayo ni lita moja na nusu. Wengine kikombe cha chai. Kwenye chupa kubwa dawa inakuwa nyepesi, kwenye kikombe inakuwa chumvi tupu ambayo ni hatari kwa mtoto. Alitembea na chupa ya lita moja na msumari, akawa anapima maji, anayamimina kwenye chombo cha mwenye nyumba na kukwaruza alama yalipoishia. Chupa yangu ina mkwaruzo huo mpaka leo. Akaacha na vidonge vya zinki, akasisitiza vinatolewa siku 10 hadi 14 hata kama mtoto ameacha kuhara siku ya pili, maana wengi wetu tukiona choo kimekuwa kigumu dawa inarudi kabatini.

Kibuyu chirizi kina maoni yaliyochanganyika. Kampeni ya Nyumba ni Choo ilipopita, kila kaya ilitakiwa iwe na choo chenye mlango na mfuniko, na kidumu cha maji kimetundikwa nje, unakanyaga kijiti, maji yanachirizika. Ni kitu kizuri, mtoto wa miaka minne anakiweza. Ila kiangazi cha hapa maji tunanunua kwa dumu, na siku ya pili kunguru walikuwa wameiba sabuni. Sifanyi mzaha, kunguru wa hapa wanakula sabuni ya mche. Matokeo yake kidumu kinajazwa siku ya ukaguzi, wakaguzi wakipita kinarudi jikoni. Mhudumu mmoja alitushauri tuitoboe sabuni na kuitia ndani ya soksi kuukuu, kunguru wakaacha. Ushauri wa soksi haumo kwenye bango lolote, na nyumba nilizozihesabu mtaani kwetu zenye sabuni mwezi wa sita zilikuwa zile tu zenye soksi.

Sasa la mbwa. Hili nimeandika na kufuta mara mbili.

Mjukuu wangu, miaka saba, aling'atwa shavu la mguu na mbwa wa jirani asiyejulikana kama amechanjwa. Shangazi yake alikuwa keshashika chupa ya mafuta ya taa. Mhudumu wa kitongoji alifika kabla, akamzuia, akataka sabuni na maji. Tulimwagilia maji ya jagi juu ya kidonda, sabuni na maji, sabuni na maji, dakika 15 kwa saa, mtoto analia, mimi nalia, yeye anahesabu. Nilipiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, wakanithibitishia yale yale na kusema chanjo isicheleweshwe, kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakuna tiba. Hapo ushauri ulikuwa wa nyota tano, toka kila upande.

Zahanati tuliyokimbilia haikuwa na chanjo. Tukaelekezwa kituo cha afya. Hakikuwa nayo. Tukaelekezwa hospitali, tukafika jioni, mtoa dawa ameondoka. Sindano ya kwanza mtoto aliipata siku ya tatu, kwa hela yangu, na ukijumlisha bodaboda za kwenda na kurudi kwa dozi zote, ilinila madebe sita ya mahindi. Mbwa alifungwa akaangaliwa siku 10, akabaki mzima, na mjukuu yuko shule. Lakini siku zile tatu nilizilala macho. Pale zahanati, juu ya kichwa cha mhudumu aliyeniambia chanjo haipo, palikuwa na bango jipya la rangi limeandikwa tuwahi chanjo tukiumwa na mbwa. Nusu nyota niliyoikata imekatwa na bango lile, na nyota nzima imekwenda na ratiba ya mafuta.

Kuhusu nyoka nitakuwa mfupi. Mafunzo yalikuwa mazuri: usichanje, usinyonye, usikaze kamba, mlaze mgonjwa, mguu utulie, muwahishe hospitali. Watu walisikiliza, wakapiga makofi, na kila mmoja bado ana jiwe lake jeusi la nyoka nyumbani, lile linaloaminika kunyonya sumu. Mzee mmoja alimwambia bibi afya kwa heshima zote, "Mwanangu, jiwe liko hapa, hospitali iko kule," akanyoosha kidole kule kilomita zote zile. Binti hakuwa na jibu, na alikuwa mwungwana wa kutolitunga. Akamwomba tu kwamba jiwe lisimzuie kupanda bodaboda.

Gari la matangazo lilipita mara mbili mwaka mzima, saa sita mchana, watu wote wako shamba. Liliwaambia kuku na wazee kwamba wananchi wazingatie kanuni za afya. Kanuni zipi, muziki ulizifunika. Hizo hela wangempa bibi afya za mafuta.

Nimalizie na debe la juzi, maana bado linanisumbua.

Mzee mmoja anayekaa peke yake bondeni alileta mahindi yake kwenye baiskeli, debe moja, kama kilo 18. Nilipofungua harufu ilinijibu. Punje nyingi zilikuwa na kijani kile cha mkate uliosahauliwa. Zamani ningesaga bila kufungua mdomo, hayo ni mahindi yake na bei ya kusaga ni ile ile. Na mashine ya pili iko kilomita mbili kutoka hapa, mwenyewe hana habari za chupa wala chumvi. Nikimkatalia mzee, atajikongoja mpaka kule, atasagiwa, atakula, na mimi nimepoteza mteja na yeye hajapona kitu. Hili nililiuliza kwenye mkutano na nikaambiwa "waelimisheni wateja wenu". Mteja anayejua fika kwamba mahindi ni mabaya na hana mengine, unamwelimisha nini?

Nikamwambia, "Babu, shikamoo, kaa hapa kivulini tuyachambue wote." Tulikaa, mimi, yeye na kijana wangu mmoja, ungo tatu, kuanzia saa nne mpaka adhuhuri imepita. Foleni iliposikia, wanawake wawili wakaongeza mikono. Tuliyapepeta, tukatoa ya kijani, meusi, yaliyovunjika na yale mepesi. Nilipima: mabaya kilo sita na ushee. Mazuri tukayatia kwenye chupa yangu na chumvi, ikashika kidogo, tukayaanika juu ya turubai langu siku mbili, chumvi ikashuka. Nikamkobolea. Hakuwa na raha. Amekuja na debe ameondoka na chini ya theluthi mbili, na amesubiri siku mbili kwa ugali wa kuazima kwangu, kilo tano za dona safi ambazo ameahidi kuzirudisha mavuno yajayo.

Zile kilo sita alizitaka kwa ajili ya kuku wake. Nikamweleza yale ya bibi afya, kwamba hata kuku zinawadhuru. Akacheka mpaka akakohoa. "Kuku wangu hawasomi mabango," akasema. Nilikuwa nimeshazimimina shimoni nyuma ya kinu, akasimama ukingoni anaziangalia, akataka kujua kama halmashauri inafidia. Nimeliandika swali lake kwenye karatasi nikaibandika kwenye kava la mkanda, pale bibi afya anapopenda kusimama. Pikipiki yake inatarajiwa Alhamisi, mafuta yakitoka.